Seva moja ikifa kwenye klasta: kwa nini huwezi kuichomoa tu ukaendelea na kazi

Hapa Arusha mfumo ukigoma, uwe wa SACCOS, wa duka la dawa Kaloleni au wa kampuni inayopokea wageni wa kupanda mlima kule Moshi, jibu linalotoka dirishani ni lile lile, "seva imekufa". Na hapo hapo watu wanagawanyika. Mteja anaondoka akiamini akiba yake imeenda na maji, halafu fundi wa ndani, mara nyingi chalii mwerevu kabisa, anasema msijali jamani, mashine ziko kadhaa, itoeni hiyo mbovu tuendelee. Wote wawili wamekosea, na kosa la fundi ndo la hatari zaidi, maana hofu ya mteja haifuti kitu lakini fundi ana funguo.

Tuanze na maneno machache, bila hayo tutapishana. Databesi ni pale programu inapotunza taarifa zake, nani kaweka hela, nani kakopa, nani kalipa. Nodi ni seva moja, yaani kompyuta moja, inayofanya hiyo kazi ya kutunza. Klasta ni nodi kadhaa zilizounganishwa zikawa kama databesi moja, wewe ukiuliza salio hujui umejibiwa na nodi ipi na wala huna haja ya kujua. Nakala ni ile taarifa yako kuandikwa kwenye nodi zaidi ya moja, kawaida tatu. Na akidi mnaijua kutoka mikutano mikuu ya SACCOS, ni idadi ya chini ya waliopo ili uamuzi uhesabike.

Sasa chukua kikoba, watu wa vicoba watanielewa haraka. Mnalijua lile sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, ili asiwepo mmoja wa kufungua peke yake. Tuseme kikoba chetu kimeamua na kumbukumbu nazo ziwe hivyo hivyo: kuna watunza daftari sita, mmoja yuko Sakina, mmoja Njiro, mwingine Tengeru, Kisongo, Ngaramtoni na Usa River, na hesabu ya kila mwanachama inaandikwa kwenye daftari tatu tu. Yako iko Sakina, Njiro na Tengeru, ya jirani yako iko Njiro, Tengeru na Kisongo, na mzunguko unaendelea hivyo. Ukiweka elfu ishirini, wawili kati ya watatu wako wakishasema tumeandika unaambiwa imepokelewa, na yule wa tatu ataandika akifikiwa. Cassandra, databesi iliyozaliwa Facebook ikatolewa kwa umma 2008, inafanya kazi karibu hivyo hivyo, na ndo nitaitumia sana humu kwa sababu mambo yake yako wazi.

Siku moja mtunza daftari wa Tengeru hapatikani. Akiba yako imepotea? Hapana, iko Sakina na Njiro. Hata utaratibu wa wawili kati ya watatu bado unafanya kazi, unaweka hela, unatoa, na kama wafanyakazi wametulia hata hutajua kuna mtu hayupo. Kwa hiyo kwa mteja: seva moja kufa kwenye klasta yenye nakala tatu haimaanishi data zimeenda. Kupotea kunakuja kwa njia mbili. Ya kwanza, aliyejenga mfumo aliweka nakala moja tu ili kubana matumizi, hapo nodi ikifa na diski ikiwa imeharibika hamna maelezo ya kitaalamu yatakayorudisha kitu. Ya pili imejificha zaidi: mfumo umeambiwa ukubali muamala nodi moja tu ikisema imeandika, na hiyo nodi ikafa kabla haijawapasia wenzake. Mteja ana meseji ya kupokelewa lakini hesabu haipo kwa yeyote aliye hai. Kwa hela za watu mimi naona huo mpangilio haufai kabisa, na uongozi wa SACCOS una haki ya kumuuliza aliyewauzia mfumo nodi ngapi zinaandika kabla mteja hajaambiwa tayari.

Turudi Tengeru. Hapatikani, sawa, lakini amekufa? Hili ndo swali gumu kuliko yote na watu wanalipita mbio. Ukipiga simu isipoita inawezekana mwenyewe hayupo tena duniani, inawezekana chaji imeisha, inawezekana mnara wa kwake ndo haufanyi kazi na yeye yuko zake anaendelea kuandika hela za watu waliomfuata nyumbani. Kwa aliye Sakina hali zote tatu zinafanana, ni ukimya tu. Nodi nazo ziko hivyo hivyo, zinatumiana salamu kila baada ya muda mfupi, salamu zikikatika nodi inadhaniwa imekufa, ila ni kudhaniwa. CockroachDB, databesi nyingine ya klasta, kwa mpangilio wake wa kawaida inasubiri dakika 5 kabla ya kuihesabu nodi imekufa na kuanza kutengeneza nakala mpya kwingine, na hizo dakika wameziweka makusudi, kwa sababu umeme kuyumba kidogo au waya wa mtandao kuchomoka usiwe sababu ya kuhamisha mzigo wote.

Mkitaka kuona kukosea hapa kunagharimu nini, tarehe 21 Oktoba 2018 GitHub, tovuti ambayo watengeneza programu wanatunzia kazi zao, walikuwa wanabadilisha kifaa cha mtandao upande wa mashariki mwa Marekani, mawasiliano yakakatika kwa sekunde 43. Sekunde tu. Mfumo wao wa kujiendesha ukaona seva kuu za mashariki, yaani zile zinazopokea maandishi, hazijibu, ukachagua seva za magharibi ziwe kuu, kumbe zile za mashariki zilikuwa hai na zilikuwa zimeshapokea maandishi ambayo hayajafika magharibi. Mawasiliano yaliporudi pande mbili zikawa na hesabu mbili tofauti na hakuna upande ulioweza kufuata mwenzake moja kwa moja. Huduma ilikaa vibaya kwa saa 24 na dakika 11. Hamna seva iliyokufa siku ile, ni kudhaniwa tu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda kuhakikisha kwa macho, na kuhakikisha maana yake ni kuiangalia nodi kutoka sehemu zaidi ya moja, sio kutoka kwenye laptopu yako tu. Kwenye Cassandra unaandika `nodetool status`, amri inayoorodhesha nodi na hali zake, kwenye nodi kadhaa zilizo hai, iliyo salama inaonekana UN na iliyoanguka inaonekana DN, na kama wa Sakina anamwona wa Tengeru ameanguka lakini wa Njiro anamwona yuko hai, acha kila kitu, una tatizo la mtandao, huna msiba. Kama ni chumba cha seva kiko hapa hapa mjini nenda kakiangalie. Kama diski imekufa au ubao wa ndani wa mashine umeungua, hapo sawa, tuendelee.

Akidi sasa. Kuna databesi na mifumo ambayo akidi yake inahesabiwa kwa wanachama wote wa klasta, yaani nodi zote, mfano mzuri ni etcd, ambayo Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, inaitegemea kutunza kumbukumbu zake. Wanachama 3 akidi ni 2, wanachama 5 akidi ni 3. Na wanachama 4? Akidi ni 3, yaani unavumilia mmoja tu kuanguka sawasawa na ulipokuwa na watatu, umenunua seva ya ziada hujapata uvumilivu wowote wa ziada, ndo maana utaona watu wanapenda namba witiri.

Hapa kuna mtego ambao mtu akiusikia mara ya kwanza anadhani umegeuzwa. Una wanachama 3, mmoja kafa. Akili ya kawaida inasema leta mpya kwanza ndo umtoe aliyekufa, maana kupunguza watu wakati wa shida kunaonekana hatari. Hesabu inasema kinyume. Ukimwongeza mpya kabla ya kumwondoa marehemu, orodha inakuwa na watu 4 na akidi inapanda kuwa 3, lakini walio hai kweli ni 2, na huyo mpya bado hajaanza. Sasa ukiwa umekosea anwani yake hata tarakimu moja, akawa hawezi kuunganishwa, klasta nzima inasimama, na ubaya zaidi ni kwamba hata kumtoa huyo mpya aliyekosewa kunahitaji akidi, ambayo huna tena. Umejifungia nje. Ukimtoa marehemu kwanza orodha inakuwa 2, akidi 2, wote wapo, halafu ndo unamwongeza mpya kwa utulivu. Mtoe kwanza, ongeza baadaye, kwa mifumo ya aina hii. Cassandra yenyewe haihesabu hivyo, akidi yake inatokana na idadi ya nakala za hesabu husika na sio idadi ya nodi zote, ule utaratibu wa wawili kati ya watatu wako, kwa hiyo usichukue kanuni ya mfumo mmoja ukaipeleka kwa mwingine bila kusoma.

Twende kwenye kuondoa kwenyewe. Cassandra ina njia tatu za nodi kuondoka na watu wanazichanganya kila siku. Ya kwanza ni `decommission`, hii ni ya nodi iliyo hai inayostaafu kwa heshima, inakaa na wenzake, inawanakilisha daftari zake, ikimaliza inaaga. Kwa nodi iliyokufa haiwezekani, marehemu hawezi kukabidhi ofisi. Ya pili ni `removenode`, hii ndo ya msiba: walio hai wanaangalia hesabu zipi zilikuwa na nakala Tengeru, wanagawana nani azichukue, na aliyepangiwa anakwenda kunakili kutoka kwa wale wawili waliobaki nazo. Hesabu yako iliyokuwa Sakina, Njiro na Tengeru inatafutiwa mtu wa tatu. Hapa ndo penye kazi yenyewe! Kumtoa kwenye orodha ni dakika, kurudisha nakala ziwe tatu tena ndo kunaweza kuchukua saa nyingi kulingana na ukubwa wa data na mtandao wenu, na katika muda huo wote hesabu zako zina nakala mbili tu. Ndo maana usiguse nodi nyingine hapo katikati, hata kuiristati kwa sababu ndogo, moja imalizike ndo uende nyingine. `nodetool removenode status` itakuambia imefikia wapi.

Ya tatu ni `assassinate`, na jina lake lina ukali wake. Inalifuta jina kwenye orodha basi, bila kunakili chochote. Mtu akiona `removenode` inachelewa anakimbilia hii, dakika moja orodha imekuwa safi, status inapendeza, bosi anafurahi, na hamna aliyegundua kwamba hesabu kibao zimebaki na nakala mbili badala ya tatu. Siku nodi nyingine ikianguka ndo mtajua. Ni ya mwisho kabisa, pale ambapo njia nyingine zimegoma kweli, na ukiitumia lazima ufuate na ripea, ile kazi ya nodi kulinganisha daftari zao na kujazana palipopungua.

Kabla ya kubonyeza, angalia unamtoa nani. `removenode` haitaki anwani ya IP, inataka ule utambulisho mrefu wa nodi unaouona kwenye status, na mimi nashukuru iko hivyo kwa sababu inakulazimisha usome. Tarehe 31 Januari 2017 kule GitLab, huduma inayofanana na GitHub, mhandisi alikuwa anahangaika na seva yao ya akiba iliyokuwa imeachwa nyuma na seva kuu katika kunakili, akaamua kufuta folda ya data ili aianze upya, kumbe dirisha alilokuwa anaandikia lilikuwa la seva kuu. Aligundua ndani ya sekunde chache akasimamisha, ila kwenye takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5. Walivyokwenda kwenye bakapu, njia kadhaa walizokuwa wanaziamini zilikuwa hazifanyi kazi, wakaokolewa na nakala ya diski iliyokuwa imechukuliwa saa kama 6 nyuma, na maandishi ya hizo saa 6 kwenye databesi yakapotea. Walilieleza jambo lote hadharani na kwa hilo nawaheshimu sana. Kwa hiyo jamani, majina ya seva yatofautiane vizuri, na mtu wa pili akae pembeni asome kwa sauti unachotaka kutoa, hata kama ni dogo wa field kutoka chuo pale Njiro.

Na hapo tuvunje imani moja iliyoenea sana, kwamba nakala tatu ni bakapu. Sio. Nakala tatu zinakulinda mashine ikifa. Mtu akifuta hesabu kwa makosa, ufutaji nao unanakiliwa kwa wote watatu kwa uaminifu mkubwa. Bakapu ni kitu kingine kinachokaa kando, na ichukue kabla hujaanza kuondoa nodi, na ujaribu kuirudisha, maana bakapu ambayo haijawahi kurudishwa huwezi kuitegemea.

Nafasi nayo. Mzigo wa marehemu unakwenda mahali. Nodi 6 zikiwa zimejaa asilimia 60 kila moja, ukitoa moja zilizobaki zinapanda hadi 72, inavumilika. Nodi 4 zilizojaa asilimia 80, ukitoa moja kila iliyobaki inatakiwa kubeba karibu 107, yaani hakuna, na hutapata onyo la adabu, diski zitajaa katikati ya kunakili na sasa una nodi mbili tatu zinazoumwa badala ya moja iliyokufa. Cassandra yenyewe inahitaji nafasi ya ziada ya kupangia mafaili yake, kwa hiyo hata asilimia 90 ni kubaya. Na kama una nodi 3 na nakala 3 hamna pa kuipeleka nakala ya tatu kabisa, hapo usitoe, badilisha: unaleta seva mpya unaiwasha na mpangilio wa `replace_address_first_boot` ukiipa anwani ya marehemu, inakaa kwenye kiti chake na kunakili daftari zile zile. Kwa maoni yangu klasta nyingi ndogo za huku kwetu zinahitaji hii ya kubadilisha kuliko ile ya kutoa, kunakili kunafanyika mara moja badala ya mara mbili.

Sasa sehemu inayoumiza kuliko zote, marehemu kurudi. Umeme ukikatika Arusha ukarudi saa nane usiku, seva nyingi zimewekwa zijiwashe zenyewe. Mashine mliyoitoa wiki mbili zilizopita, ambayo kumbe ilikuwa na tatizo la pawa tu, inaamka, programu ya databesi inaanza, inatafuta wenzake. Rudi kwenye kikoba: wa Tengeru alikuwa safarini wiki tatu, katikati hapo mmekubaliana kufuta deni la mwanachama aliyemaliza kulipa, Sakina na Njiro wamelifuta. Tatizo ni kwamba mkifuta bila kuacha alama, anayerudi na daftari lenye lile deni anaonekana ndo mwenye taarifa zaidi, wengine wanaona "aa, sisi hatuna hii", wanainakili, na deni lililolipwa linafufuka. Ndo maana Cassandra haifuti papo hapo, inaweka alama kwamba hiki kimefutwa tarehe fulani, na alama hiyo kwa mpangilio wa kawaida inatunzwa sekunde 864000, ambazo ni siku 10. Ndani ya hizo siku nodi iliyokuwa nje inaweza kurudi, ikafanyiwa ripea, ikaziona alama ikafuta na yenyewe. Zikipita siku 10 alama zenyewe zinaondolewa, na hapo nodi iliyokuwa nje hairuhusiwi kurudi na data zake, ifutwe kabisa iingie kama mpya. Kuna wanaosema wenzake si wanaitunzia ujumbe ilioukosa? Wanatunza ndio, lakini kwa kawaida ni kwa saa 3 za mwanzo tu, baada ya hapo wanaacha, kinachobaki ni ripea.

Kwa hiyo ukishaitoa, hakikisha haiwezi kurudi yenyewe. Zima programu isijiwashe, ifungie kwenye fayawoli ya nodi zingine, chomoa waya wa mtandao kama uko karibu. Iondoe pia kwenye orodha ya nodi ambazo mpya zinazitafuta zikianza, na kwenye programu za wateja ambazo zina anwani yake, hili linasahaulika sana, programu inaendelea kugonga mlango wa marehemu na kila ikigonga inasubiri, watu dirishani wanasema mfumo uko slo na hamna anayekumbuka kwa nini. Hata CockroachDB inayojiponya yenyewe baada ya zile dakika 5, nodi iliyokufa bado inaning'inia kwenye orodha mpaka mtu aiondoe rasmi.

Diski ya zamani usiifute siku hiyo hiyo. Iweke kando bila kuiunganisha na kitu, iandikwe jina na tarehe, mpaka ripea iishe na mmejiridhisha hesabu ziko sawa, maana kama kulikuwa na muamala ulioandikwa hapo tu ndo mahali pekee pa kuutafuta. Baada ya hapo ifutwe kweli kweli au ivunjwe. Isiishie kwenye meza ya kuuza spea mjini ikiwa na majina, namba za simu na salio za wanachama, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na anayewajibika kwa hizo taarifa ni taasisi iliyozikusanya hata kama mashine yenyewe haiwaki tena.